Shajara ya mradi: jeni zinazowaka chavua ya kanola inapogeuka kiinitete

Kinachotafutwa

Mikrospora ya kanola, Brassica napus, ni seli ambayo tayari imeshika njia ya kuwa chavua. Ikitolewa kwenye chavulio, ikawekwa katika maji ya virutubisho na kupigwa joto la nyuzi 32 kwa siku chache, baadhi yake huiacha njia hiyo na kujenga kiinitete kamili, chenye ncha ya mzizi, shina na majani mawili ya mbegu. Hakuna yai wala utungisho. Mmea unaotoka una kromosomu 19 badala ya 38, na kromosomu hizo zikizidishwa, kila jeni hupata nakala mbili zisizotofautiana hata kidogo. Mzalishaji wa mbegu hupata kwa kizazi kimoja usafi ambao kwa kujichavusha ungemgharimu vizazi sita au zaidi.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1964 Sipra Guha na S. C. Maheshwari, wa Delhi, walitangaza viinitete vilivyotoka kwenye chavulio za Datura innoxia. Mwaka 1982 Lichter alionyesha kwamba mikrospora za kanola zinaweza kutengwa na kukuzwa peke yake, bila chavulio, na mwaka 2002 jeni ya BABY BOOM, kwa kifupi BBM, ilitangazwa baada ya kupatikana katika ukuzaji wa aina hiyohiyo. Tunatumia Topas DH4079, mmea ambao maabara nyingi huutumia kwa kazi hii kwa sababu huitikia vizuri.

Jeni huwaka seli inapoinukuu kuwa RNA, na RNA hiyo ndiyo tunayoipima. Swali letu ni moja: kati ya jeni zinazowaka siku tano za mwanzo, zipi zinawaka kwa sababu seli imeamua kuwa kiinitete, na zipi zinawaka kwa sababu tu seli imepigwa joto? Joto huamsha mamia ya jeni katika seli yoyote ya mmea, hata ile inayokufa kesho yake. Ukilinganisha mikrospora za nyuzi 32 na za siku ya 0 peke yake, utapata orodha ndefu ya jeni, na sehemu kubwa ya orodha hiyo haina habari na kiinitete.

Makundi ya kupimwa yamewekwa manne:

K0: mikrospora mbichi, zikigandishwa mara tu baada ya kutengwa.
K32: mikrospora zilezile, nyuzi 32.5 kwa saa 72, kisha nyuzi 25.
K18: mikrospora zilezile, nyuzi 18 tangu mwanzo. Hizi huendelea kuwa chavua.
KC: chavua iliyokomaa mno, yenye viini vitatu, nyuzi 32.5 kwa saa 72. Hii hupata joto lote lakini haitoi kiinitete.

K18 peke yake haitoshi, kwani inatofautiana na K32 kwa mambo mawili kwa pamoja, joto na hatima. KC peke yake pia haitoshi kwa sababu ni seli ya umri mwingine. Jeni itahesabiwa kuwa ya kiinitete pale tu itakapopanda katika K32, isipande katika K18, isipande katika KC, na ikabaki juu baada ya joto kushushwa hadi nyuzi 25.

Wiki ya 1 hadi ya 9: mimea mama

Mimea inakuzwa kwa nyuzi 20 mchana na 15 usiku, mwanga wa saa 16, hadi tumba za kwanza zionekane kileleni. Hapo chumba kinashushwa hadi nyuzi 10 mchana na 5 usiku. Baridi hupunguza kasi ya ukuaji wa tumba, kwa hiyo kishada kimoja hubeba tumba nyingi zilizo katika hatua moja, na mmea mmoja huvunwa kwa wiki kadhaa. Maua yaliyochanua na maganda machanga hukatwa kila siku ya pili ili mmea usigeukie kulea mbegu.

Hakuna dawa ya wadudu inayopulizwa kuanzia wiki ya 6. Vidukari wakionekana mmea unaondolewa mzima. Mmea uliopuliziwa dawa, ulioumwa na wadudu au uliokaukiwa maji bado hutoa mikrospora nyingi na zinazopendeza kwa macho, lakini mavuno ya viinitete huporomoka bila maelezo, na mtu huanza kuzilaumu kemikali.

Wiki ya 10: kupima tumba

Urefu wa tumba ni dalili tu. Tumba za milimita 3.0 hadi 3.5 ndizo zinazotajwa sana, lakini kipimo hubadilika kwa umri wa mmea na nafasi ya tumba kwenye kishada, hivyo kila mavuno yanapimwa upya. Kipimo cha pili cha haraka ni petali ikilinganishwa na chavulio: petali zikifika nusu hadi robo tatu ya urefu wa chavulio, hatua iko karibu.

Uamuzi wa mwisho ni wa DAPI, rangi inayoshika DNA na kufanya viini ving'ae. Chavulio moja hupondwa kwenye tone la DAPI, mikrogramu 1 kwa mililita, pamoja na sabuni ya Triton X-100 kidogo ili rangi ipenye ukuta. Baada ya dakika 10 gizani, chini ya mwanga wa urujuanimno, huonekana mojawapo ya haya. Kiini kimoja kikubwa kilichosukumwa ukutani na vakuoli, ule mfuko wa maji ndani ya seli: mikrospora ya mwisho ya kiini kimoja, ndiyo tunayoitaka. Viini viwili, kimoja kidogo chenye mng'ao mkali na kingine kikubwa chenye mng'ao hafifu: chavua changa ya viini viwili, nayo inakubalika. Vitatu, viwili vikiwa vidogo na vikali: imechelewa, inaenda kundi la KC.

Tunavuna tumba ambazo zaidi ya nusu ya seli zake ni za kiini kimoja cha mwisho na zilizobaki ni za viini viwili vichanga. Tofauti ya urefu kati ya tumba za mavuno mamoja isizidi milimita 0.3. Chavua iliyopitiliza umri haikai kimya ndani ya sahani. Ikipasuka hutoa vitu vinavyozuia majirani zake kugeuka, kwa hiyo tumba chache kubwa zilizochanganywa kwa uvivu zinaweza kuharibu sahani nzima.

Wiki ya 11: kutenga, jaribio la kwanza

Utaratibu kama ulivyofanyika, kwa tumba 30:

Tumba kwenye kikapu kidogo cha wavu, hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 2 kwa dakika 15, ikitikiswa. Maji safi baridi mara tatu, dakika 5 kila mara. Kisha tumba hupondwa kwenye mililita 5 za B5-13, yaani mchanganyiko wa B5 wenye sukari ya mezani asilimia 13, uliopozwa kwenye barafu. Ponda kwa kukandamiza, usisage. Kusaga hutoa vipande vidogo vya majani ya ua vinavyopita kwenye wavu na kubaki na mikrospora hadi mwisho.

Chuja kwa wavu wa nailoni wenye matundu ya mikromita 44, mara mbili. Zungusha kwa nguvu ya 130 g, dakika 4, nyuzi 4. Mwaga maji ya juu, ongeza B5-13 mpya, rudia mpaka maji ya juu yawe meupe. Kwa kawaida mara tatu zinatosha. Rangi ya kijani ikibaki, rudia tena, kwani hiyo ni juisi ya seli zilizopasuka na ina fenoli.

Hesabu kwenye hemasitomita, kioo cha kuhesabia seli: kila mraba mkubwa una ujazo wa mikrolita 0.1, kwa hiyo wastani wa seli kwa mraba huzidishwa kwa 10,000. Mfano, wastani wa 42 ni seli 420,000 kwa mililita. Ikiwa una mililita 5, jumla ni milioni 2.1, zinazotosha mililita 21 za ukuzaji kwa seli 100,000 kwa mililita. Chini ya 40,000 hivi seli hushindwa kusaidiana na mavuno huanguka.

Maji ya ukuzaji ni NLN-13, sukari asilimia 13, pH 5.8. Husafishwa kwa chujio cha mikromita 0.22 na si kwa kuchemshwa kwa mvuke, kwa sababu ndani yake mna glutamini na glutathioni ambazo haziwezi joto hilo. Mililita 10 kwa sahani ya milimita 100, kingo zikafungwa kwa utepe, kisha inkubeta yenye giza.

Toka tumba la kwanza kupondwa hadi sahani kuingia inkubeta isizidi saa moja na nusu, na muda wote huo vitu vikae kwenye barafu.

Kasoro ya wiki hii ilikuwa joto. Inkubeta ilionyesha 32.5, lakini kipimajoto kilichotumbukizwa kwenye sahani yenye maji kilionyesha nyuzi mbili pungufu kwenye rafu ya chini. Sahani za rafu ile zilijaa seli nene, zenye wanga, zilizoendelea kuwa chavua. Tangu sasa kipimajoto hakitoki kwenye sahani ya maji, na sahani zote ziko rafu ya kati. Kwa mradi wa kupima jeni hili ni kubwa kuliko linavyoonekana: sahani mbili za joto tofauti zikiunganishwa katika sampuli moja, namba zinazotoka si za hali yoyote ile.

Wiki ya 12: bakteria

Baadhi ya sahani zilipata ukungu wa maziwa ndani ya saa 48. Zote zilitoka kwenye mavuno ambayo ncha za tumba zilikuwa zimeanza kufunguka, kiasi cha kijidudu kujificha ndani mahali ambapo hipokloriti haifiki. Dawa ni kuchagua tumba zilizofumba kabisa, kuongeza tone la sabuni laini kwenye hipokloriti, na kugawa kila mavuno katika sahani nyingi ndogo badala ya chache kubwa. Kuongeza viuavijasumu tumekukataa: navyo hubadilisha udhihirikaji wa jeni, na tungekuwa tumeongeza swali badala ya kuondoa.

Wiki ya 13: siku 21 chini ya hadubini

Kila siku ya kuchukua RNA, mikrolita 50 za sahani ileile huwekwa kando kwa DAPI na kuhesabiwa seli 300. Hesabu hii ndiyo nguzo ya mradi, na sababu inaelezwa wiki ya 20.

Saa 24 za kwanza kuna mambo machache ya kuona, seli huvimba kidogo tu. Siku ya 2 tofauti hujitokeza, na inafaa kuitazama taratibu kwa lenzi ya 40. Seli zilizokufa zimenywea, utomvu wake umejitenga na ukuta na kuwa kahawia. Zinazokwenda kuwa chavua zimejaa chembe za wanga, hazipitishi mwanga. Chache katika sahani ni tofauti kabisa na hizo zote: ile vakuoli kubwa imevunjika vipande, kiini kimehama kutoka ukutani na kukaa katikati, na kutoka kwenye kiini nyuzi za saitoplazimu zinatawanyika kila upande kama miale ya nyota. Hizo ndizo zinazogeuka, ingawa si kila moja hufika mwisho.

Mgawanyiko wa kwanza unathibitisha. Chavua hugawanyika kwa upendeleo, seli moja ndogo na moja kubwa. Seli inayogeuka hugawanyika nusu kwa nusu, ukuta ukipita katikati, na DAPI huonyesha viini viwili vya ukubwa na mng'ao sawa. Tunahesabu siku ya 3 kwa kigezo hiki peke yake, kwa maana umbo la nyota hubishaniwa kati ya watazamaji wawili na viini viwili sawa havibishaniwi.

Siku ya 5 eksini, ule ukuta mgumu wa nje, huanza kupasuka na kundi la seli hutokeza. Wiki ya kwanza ikiisha kuna tufe, kati ya siku ya 10 na 12 umbo la moyo, siku ya 14 umbo la torpedo, siku ya 21 majani ya mbegu yanayoonekana kwa macho. Sahani moja siku ya 10 ina tufe, moyo na hata torpedo kwa pamoja, kwa hiyo kuanzia siku ya 7 sampuli hupangwa kwa umbo, na tarehe huandikwa kama nyongeza.

Wiki ya 14 na 15: RNA

Hapa ndipo kazi nyingi ilipopotea, na hapa ndipo tunashauri mtu asiharakishe.

Kila sampuli ni seli milioni 1 hadi 2. Toka mlango wa inkubeta kufunguliwa mpaka nitrojeni kimiminika, dakika 5. Nakala za RNA za jeni za protini za mshtuko wa joto hubadilika ndani ya dakika chache, na sampuli iliyosahauliwa mezani kwa robo saa tayari inasimulia habari za meza. Zungusha kwa 150 g dakika 3, ondoa NLN, suuza mara moja kwa manitoli baridi yenye msongamano unaolingana na ule wa NLN, zungusha, gandisha. Kusuuza kunaondoa sukari ambayo ikibaki huganda pamoja na RNA na kufanya kidonge kama gundi.

Kusaga kwa kinu na mchi hakukutosha. Unga ulionekana laini, lakini chini ya hadubini chembe nyingi zilikuwa nzima, maana eksini imeundwa kwa sporopolenini, mojawapo ya vitu vigumu kuliko vyote ambavyo mmea hutengeneza. Tumehamia gololi za zirkonia za milimita 0.5, mtikiso wa mizunguko 30 kwa sekunde, dakika moja mara mbili, mirija ikirudishwa kwenye nitrojeni katikati. Baada ya kusaga, tone moja hutazamwa. Chembe nzima zikizidi moja kwa kumi, sampuli inasagwa tena.

Kuna upendeleo uliojificha hapo. Seli ambayo eksini yake imepasuka, yaani kiinitete kichanga, huvunjika upesi kuliko chavua iliyofungwa. Usagaji hafifu kwa hiyo hutoa RNA ya viinitete zaidi ya sehemu yao halisi, na jeni za kiinitete huonekana zimepanda mapema au juu kuliko kweli. Ndiyo sababu ya kuhesabu chembe nzima kila mara, na kuandika idadi.

Uchimbaji ni wa fenoli na guanidini, mililita 1 kwa sampuli, klorofomu mikrolita 200, 12,000 g kwa dakika 15 nyuzi 4. Kisha kloridi ya lithiamu kufikia molari 2.5, usiku kucha kwa nyuzi 4, kwa kuwa huangusha RNA na kuacha sukari nyingi na DNA juu. Ethanoli asilimia 75 mara mbili, halafu kimeng'enya cha kuondoa DNA. Uwiano wa 260/280, yaani wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita hizo, uwe karibu na 2.0. Uwiano wa 260/230 ukiwa chini ya 1, rudia lithiamu, kwa sababu mabaki hayo huzuia kimeng'enya cha unukuzi kinyume (kinachogeuza RNA kuwa DNA), na sampuli chafu itaonekana kama sampuli yenye jeni zilizozimika.

Kabla ya kuongeza fenoli tunatia kiasi kinacholingana cha RNA ya lusiferasi, kwa kila seli milioni moja zilizohesabiwa. Mmea hauna jeni hiyo. Mwishoni inatuonyesha ni sehemu gani ya RNA ilipotea njiani, na inatuwezesha kusema kiasi kwa seli, si kwa mikrogramu ya RNA.

Wiki ya 16: praima

Kanola ni muungano wa mimea miwili, Brassica rapa iliyoleta jenomu A yenye kromosomu 10, na Brassica oleracea iliyoleta C yenye 9. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2014. Kila jeni tunayoitafuta ina angalau nakala ya A na nakala ya C zinazofanana sana, mara nyingi zaidi ya mbili. Kabla ya kuagiza praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR mahali pa kuanza kunakili, ni lazima kuamua kinachotakiwa: jumla ya nakala zote, au nakala moja. Kwa jumla, praima huwekwa mahali nakala zote zinapolingana herufi kwa herufi. Kwa nakala moja, ncha ya 3' inawekwa juu ya herufi inayotofautiana. Praima iliyochukuliwa kutoka Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio, bila uchunguzi huu hunasa nakala moja vizuri na nyingine nusunusu, na uwiano huo hubadilika kadiri joto la PCR linavyobadilika.

Vipande ni vya jozi 80 hadi 150, vikivuka introni (sehemu ya jeni inayokatwa kwenye RNA) inapowezekana. Mkunjo wa kuyeyuka ukitoa vilele viwili, bidhaa inasomwa herufi zake: inaweza kuwa praima zilizoshikana, inaweza pia kuwa A na C. Ufanisi hupimwa kwa kuzimua mara tano, hatua tano, na mteremko kati ya -3.6 na -3.1 unakubalika. Ufanisi huu haupuuzwi. Ct ni idadi ya mizunguko ya PCR hadi jeni isomeke. Tofauti ya Ct 5 kwa ufanisi kamili ni mara 32, lakini kwa kizidisho cha 1.85 ni takriban mara 22.

Wiki ya 17: jeni rejea

Jeni rejea ni ile inayotarajiwa isibadilike, na vipimo vya jeni nyingine hugawanywa kwayo. ACT7 imeondolewa. Ni aktini ya tishu za mwili wa mmea, na chavua ina aktini zake nyingine. Seli inapoacha uchavua na kuwa kiinitete, ACT7 yenyewe hupanda. Ukigawanya kwa kitu kinachopanda mara nne, jeni iliyopanda mara nne itaonekana haikutikisika. GAPDH na tubulini nazo ziliyumba kati ya K0 na siku ya 10. Kati ya zilizojaribiwa tumebakiza UBC21, PP2A na TIP41, zote tatu kwa pamoja, kwa wastani wa kijiometri. Kabla ya kuzikubali tulizilinganisha na RNA ya lusiferasi katika kila hatua. Kuziamini kwa sababu tu zinaaminiwa katika majani kungekuwa kosa.

Rudio la kibayolojia hapa ni utengaji tofauti, siku tofauti, mimea tofauti. Sahani tatu za mavuno mamoja ni rudio moja. Tunatumia manne.

Wiki ya 18 na 19: qPCR, yaani PCR inayopima kiasi

HSP70 na protini ndogo za mshtuko wa joto zilipanda upesi katika K32 na katika KC vilevile, kisha zikashuka sahani ziliporudi nyuzi 25. Hivyo ndivyo kipimo kizima kilivyotakiwa kuenenda, na KC imetimiza kazi yake.

Jeni za udhibiti wa kiinitete, yaani LEC1, LEC2, FUS3, BBM, WOX2 na WOX9, zilibaki karibu na sifuri katika K0, K18 na KC. Katika K32 zilianza kusomeka kati ya siku ya 2 na 5, na zikabaki juu joto liliposhushwa. LEC1 ndiyo iliyosomeka kwa uhakika zaidi katika marudio yote. Siku ya 2 nyingine zilikuwa na Ct za juu ya 34, na namba za huko juu hatuzichori: tunaandika "imeonekana" au "haikuonekana".

Napini inahitaji tahadhari. Ni protini ya akiba ya mbegu, na ni rahisi kuiweka kama alama ya hatua ya mwisho. Katika mikrospora za kanola, sehemu ya familia ya jeni za napini huwaka mapema, tangu uchochezi wenyewe, jambo lililochapishwa mwaka 1994. Anayeiona siku ya 3 asidhani amechanganya mirija. Kruciferini, protini nyingine ya akiba ya mbegu, imekuwa alama safi zaidi ya ukomavu kwetu.

Jeni za chavua inayokomaa, kama za pektini methilesterasi, zilipanda katika K18 kama inavyotarajiwa. Katika K32 nazo hazikuzimika siku ya 3. Zilipungua tu.

Wiki ya 20: hesabu ya mchanganyiko

Kutozimika huko hakumaanishi kwamba seli inayogeuka hubaki na uchavua wake. Sahani ni mchanganyiko. Chukua mfano: seli 5 kati ya 100 zinageuka, na jeni fulani ndani yake imepanda mara 40, wakati 95 hazijabadilika. Sampuli nzima itasoma (95 × 1 + 5 × 40) ÷ 100, yaani mara 2.95. Badiliko kubwa limeonekana dogo, lakini limeonekana. Sasa geuza: jeni ya chavua imezimika kabisa katika seli hizo 5. Sampuli itasoma 0.95. Hakuna qPCR itakayotofautisha 0.95 na 1. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo kuwaka kunaweza kupimwa, kuzimika hakuwezi, na kila sentensi yetu kuhusu jeni za chavua "kuendelea" katika K32 imefutwa kwenye rasimu.

Idadi ya seli nayo si idadi ya RNA. Seli iliyokufa huhesabiwa kama moja lakini RNA yake imekwisha, na seli inayogawanyika ina RNA nyingi. Ndiyo faida ya kuwa na DAPI na lusiferasi kwa kila sahani: tunaweza kusahihisha kwa kadirio lenye msingi.

Tulifikiria kutenganisha seli za nyota kwa mteremko wa Percoll, kimiminika kinachotenga seli kwa msongamano wake. Huongeza sehemu yake kweli, ila kunachukua muda na ni mkazo mwingine kwa seli, wakati jeni tunazozifuata ndizo hizohizo zinazoitikia mkazo. Kwa siku ya 1 hadi 3 tunabaki na mchanganyiko na hesabu. Kuanzia siku ya 7 wavu wa mikromita 44 unatosha, viinitete hubaki juu na mabaki hupita.

Usomaji wa RNA nzima umepangwa kwa siku 0, 3 na 5, makundi yote manne, marudio manne. Ulinganishaji utafanywa dhidi ya A na C kwa pamoja, na vipande vinavyolingana na nakala zote mbili vitahesabiwa kwa jumla ya jeni, bila kubahatisha nakala.

Wiki ya 21: kiinitete bila joto

KC inatupa joto bila kiinitete. Kinachokosekana ni kinyume chake, na kipo: kolchisini inaweza kuzigeuza mikrospora za Topas pasipo mshtuko wa joto, na kazi iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba protini za mshtuko za kilodaltoni 70 na 19 hazihitajiki ili zigeuke. Kundi la tano, KK, litakuwa mikrospora zilezile kwenye kolchisini kwa nyuzi 25, kisha kuoshwa na kuhamishiwa NLN-13 safi.

KK ina hitilafu yake. Kolchisini huvunja mikrotubuli, huzidisha kromosomu, na jeni za tubulini zitayumba kwa sababu hiyo pekee. Lakini hitilafu za joto na za kolchisini hazifanani, na jeni itakayopanda katika K32 na katika KK, ikakaa chini katika K18 na KC, itakuwa imepita vichujio vinne vya aina tofauti. LEC1 na BBM zinapimwa kwanza. Kolchisini ni sumu: glavu mbili, kabati la hewa, taka kwenye chombo chake peke yake, na hakuna anayeipima akiwa peke yake maabara.

Mavuno ya KK ya kwanza yameingia inkubeta. DAPI ya siku ya 3 itahesabiwa na watazamaji wawili, bila kuambiwa sahani ipi ni ya kundi gani.